Bakuli Lisilo na Jina

Mesa, Arizona
Oktoba 8, 1978

Kwako mdogo wangu Arvid,

Nakusalimu kutoka nchi ambayo bado haijapata habari kwamba Oktoba imefika. Jua linawaka tu. Shemeji yako Clayton anakusalimu. Kifua chake kimetulia tangu tuhamie huku, ila usingizi wa mchana ndio umempenda kupita kiasi. Mimi sijambo. Nimejiunga na kwaya, na kikundi cha kushona, na Jumatano kuna karata. Nimeshajua majina ya watu arobaini. Unanijua, mimi hata nikisimama foleni posta natoka na rafiki.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Nasikia umeuza ng'ombe. Sikusikia kwako. Nimesikia kwa Gladys Engebretson, aliyesikia kwa mumewe, aliyeliona lori likipakia. Ng'ombe thelathini na wawili, Arvid! Tangu una miaka minane unaamka saa kumi na moja alfajiri kuwakamua. Wifi yangu Lorraine tumemzika Machi, na Septemba umewaondoa ng'ombe. Sasa asubuhi unaamkia nini?

Nimekupigia simu mara sita, inalia mpaka inachoka. Gladys anasema pikapu yako ipo uani na haijasogea, majani yameifunika kioo.

Usiniandikie habari za hali ya hewa. Nataka kujua unakula nini, unalala saa ngapi, na wiki hii ni nani aliyeingia nyumbani kwako.

Dada yako,
Marlys


Halvor Lake, Minnesota
Novemba 2, 1978

Dada Marlys,

Salamu zako nimezipata tarehe kumi na sita. Samahani kwa kuchelewa. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne, inchi nne, na upepo wa kaskazini. Najua umesema nisiandike hali ya hewa, lakini ndiyo iliyopo.

Nakula. Nalala vya kutosha, pengine zaidi. Simu niliichomoa kwa sababu ilikuwa inalia.

Mwaka huu siendi kuwinda kulungu. Bunduki nimempa jirani yangu Orrin aniwekee kwake, maana nyumba yangu inavuja juu na sitaki zishike kutu.

Ng'ombe walikuwa wamezeeka. Mimi pia.

Msalimie shemeji.

Arvid


Mesa
Novemba 12, 1978

Arvid wangu,

Salamu leo zitasubiri. Mabati ya nyumba hiyo marehemu Baba aliyabadilisha yote mwaka wa hamsini na tisa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa misumari. Haivuji. Haijawahi kuvuja.

Sitakuuliza kwa barua kwa nini bunduki ziko kwa Orrin. Nashukuru tu kwamba ziko huko, na nimemwandikia asizirudishe hata umwonyeshe nyumba mpya. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kufungua bomba bafuni ili Clayton asinisikie.

Nimefanya mambo mawili, ukasirike utakavyo. La kwanza, nimeomba nafasi kwa yule daktari mpya wa mjini, Jumatatu ya tarehe ishirini. Orrin atakupitia saa nne asubuhi. Njiani hatakusumbua kwa maneno. Orrin ukimwuliza saa anakunyooshea mkono usome mwenyewe. La pili, nimewaambia akina mama wa kanisa.

Najua, najua. Wewe ni mtu wa peke yako tangu utotoni. Siku uliyotimiza miaka saba ulijificha ghalani mpaka wageni wakamaliza keki. Lorraine ndiye aliyekuwa akijuana na watu kwa niaba yenu wawili, nawe ukisimama nyuma yake ukiwa umeshika makoti. Sasa hayupo, na mtu mmoja hawezi kubeba nyumba kichwani. Wakubalie tu waje.

Dada yako mwenye kiherehere,
Marlys


Halvor Lake
Desemba 20, 1978

Dada Marlys,

Heri ya Krismasi kwako na kwa shemeji. Theluji imefika madirishani.

Kwa daktari nilikwenda. Ni kijana, na viatu vyake havifai kwa huku. Amesema nina sonona. Anasema ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa mapafu, si uvivu na si dhambi. Amenipa vidonge vinavyokausha mdomo. Aliuliza kuhusu bunduki, nikamwambia ziko kwa jirani, akanishika bega. Kwa hiyo acha nikwambie na wewe: nyumba haivuji.

Kisha akaniuliza ni watu wangapi ambao naweza kuwagongea mlango bila sababu. Nikamjibu kwamba maisha yangu yote sijawahi kumgongea mtu mlango bila sababu. Akaandika kitu kirefu.

Sasa kuhusu akina mama wako. Walikuja kumi na saba kwa siku tisa. Kila mmoja na bakuli lake la kuokea: viazi na nyama ya kusaga, tambi na samaki wa kopo, tena viazi na nyama ya kusaga. Kila mmoja alisimama mlangoni, akalaza kichwa upande mmoja kama anayetazama picha iliyopinda, akasema, "Unaendeleaje, Arvid?" Nami nikasema, "Si vibaya." Mara kumi na saba. Kila alipoondoka mmoja nilikwenda kulala kama niliyepasua kuni kutwa. Sikulalamika, ni watu wema. Lakini kadiri walivyokuwa wengi ndivyo nilivyozidi kujiona sina mtu, na hilo nililionea aibu.

Nikaona angalau nisikae na vyombo vyao. Nikapakua chakula chote nikakiweka kwenye ndoo za maziwa, nikaosha. Chini ya kila chombo kuna selotepu yenye jina la mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri, maana macho bado yanafumbuka wakati wa kukamua, nikavipakia kwenye pikapu na kuvizungusha, kila kimoja kwenye ngazi ya mwenyewe. Hakuna hata mbwa aliyenisikia. Nilirudi nikiwa nimeridhika kidogo. Tangu siku hiyo hajaja mtu.

Lakini limebaki bakuli moja. Ni kubwa, jeupe lililofifia, lina maua ya bluu ubavuni na mshikio mmoja umekatika ncha. Nililikuta ngazini na kitoweo cha maharage, bila mtu, na chini halina selotepu. Wewe unavijua vyombo vya kila mtu. Ni la nani? Nikilitazama hapo mezani sipati raha.

Arvid


Mesa
Januari 3, 1979

Mdogo wangu,

Mwaka mpya mwema, ingawa umeanza kwa kunitoa jasho. Alfajiri, Arvid? Tupu? Vyombo kumi na saba?

Kaa chini nikufundishe jambo ambalo Lorraine alilifanya miaka thelathini na miwili huku wewe ukidhani vyombo vina miguu. Mwanamke wa Halvor Lake akikuachia bakuli lake hajalisahau. Amejiwekea sababu ya kurudi, na wewe amekuwekea sababu ya kwenda kwake. Chombo kinakaa wiki, au mbili. Kisha unakirudisha mchana, wenyewe wakiwa macho, na ndani umetia chochote, hata mayai sita. Unakaribishwa kahawa, unakataa mara mbili, ya tatu unakaa. Ukikirudisha kitupu kabla hakujapambazuka, umesema asante na usikanyage tena. Umewafukuza watu kumi na saba kwa asubuhi moja! Mchungaji mwenye mahubiri ya saa nzima hajawahi kufika hapo.

Gladys alidhani umechukizwa na viazi vyake. Alilia, maskini.

Kuhusu hilo bakuli, sijui ni la nani. Maua ya bluu kila mtu anayo. Itabidi uulize nyumba kwa nyumba. Usilipeleke alfajiri! Anza kwa Gladys. Nenda nyumba moja tu kwa siku, ukichoka pumzika siku tatu. Huna haja ya kueleza unaendeleaje. Sema tu, "Hili ni lako?" Hiyo ni sababu ya kutosha kugonga mlango, hata kwa mtu kama wewe.

Na vidonge usiache.

Marlys


Halvor Lake
Februari 11, 1979

Dada,

Natumaini mko salama. Huku baridi imefanya mlango wa zizi ushikamane na fremu. Zizi ni tupu lakini bado naufungua kila asubuhi.

Ilinichukua siku tisa kuanza. Mara mbili nilifika kwa Gladys nikageuza pikapu. Mara ya tatu alifungua mlango kabla sijazima injini, akasimama kizingitini na aproni. Nikamwonyesha bakuli. Aliligeuza, akalitazama chini, akalitazama juu, akakohoa.

"Si langu," akasema. "Lakini ingia basi, unaniingizia baridi."

"Nina haraka."

"Ya kwenda kukamua nani?"

Nikaingia. Nilikunywa vikombe viwili. Nikamwambia viazi vilikuwa vizuri, akasema ndivyo alivyodhani. Nilipoondoka akanituma kwa Mavis Lindquist, eti huenda yeye anajua.

Mavis naye akasema si lake. Bomba la jikoni kwake lilikuwa linadondosha maji, tone, tone, nikashindwa kuvumilia, nikaenda kuchukua bisibisi na spana kwenye pikapu. Nilikuwa chini ya sinki nusu saa naye akinisimulia jinsi Lorraine alivyomfundisha kuoka mkate, na ule wa kwanza ulivyokuwa mgumu mpaka wakautumia kuzuilia mlango. Nilicheka nikiwa humo chini. Nikajigonga kichwa.

Nimegundua jambo. Nikiwa na bisibisi mkononi naweza kukaa na watu. Wao wanausemesha mgongo wangu, nami naujibu ukuta, na tunaelewana vizuri.

Doris Sorby ndiye aliyelishika muda mrefu kuliko wote. Alilipangusa kwa aproni ingawa lilikuwa safi. "Si langu, Arvid," akasema, kisha akaenda kusimama dirishani. Baadaye akanieleza kwamba mwaka jana alipotoka kufanyiwa upasuaji Lorraine alimletea chakula kila siku kwa juma zima. Mimi sikujua. Nilidhani anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Bawaba za kabati la Doris zote zimelegea, kwa hiyo itabidi nirudi.

Mpaka sasa nimefika nyumba nane. Kila mtu anasema si lake, kila mtu ananituma kwa mwingine, na kila mtu ana la kunisimulia kuhusu mke wangu. Hakuna aliyeniuliza naendeleaje. Usiku narudi na bakuli tupu, lakini silali tena mchana.

Dada, barua yako iliyopita ilikuwa yangu mimi tu. Hukusema neno lolote kuhusu wewe. Kwaya inaendeleaje?

Arvid


Mesa
Machi 19, 1979

Arvid,

Samahani kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Jana jua. Leo jua. Wanasema mpaka Jumapili ni jua. Juzi palikuwa na upepo kidogo. Clayton mzima. Kwaya nimepumzika.

Nimefurahi kuhusu bakuli. Endelea.

Marlys


Halvor Lake
Aprili 14, 1979

Dada yangu Marlys,

Barua yako ina mistari michache, na mingi ni hali ya hewa. Barua hiyo naijua. Ni mimi niliyeibuni.

Lakini ngoja kwanza nikupe habari, maana unastahili kuzomewa.

Nimemaliza nyumba kumi na moja. Jumanne nilirudi kwa Doris kukaza zile bawaba. Nilikuwa nimeweka bakuli mezani kwake kama kawaida, kwa sababu siku hizi sitoki bila hilo, kama mwanamke na mkoba wake. Doris akatia kahawa, akalitazama, mara akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Arvid," akasema, "siwezi tena. Mungu anisamehe. Bakuli ni lako."

"Langu vipi?"

"La Lorraine. Ndilo alilokuwa akiniletea chakula. Alifariki likiwa bado kwangu, nikashindwa kulirudisha, nikalificha nyuma ya kabati mpaka Novemba. Nilipolileta ngazini kwako nilidhani utalitambua. Kisha unakuja hapa, umevaa kofia yako ya masikio, unaniuliza ni la nani!"

Dada, nimekula kwenye bakuli lile miaka thelathini na miwili. Kila Jumapili. Lakini lilikuwa likija mezani limejaa, nami nilikuwa natazama chakula.

Nikamwuliza kama wengine walijua. Akasema wote. Hakuna nyumba Halvor Lake ambayo bakuli lile halijawahi kuingia. Gladys alilitambua kabla sijateremka kwenye pikapu, na akawaonya wote kwa simu: "Arvid anazunguka na bakuli la Lorraine. Asiambiwe!" Na kila mmoja aliniambia si lake, na hakuna aliyesema uongo, maana kweli halikuwa lake. Aliyesema uongo ni mmoja tu. Doris anasema ulimpigia Gladys simu tarehe nne Januari, ukamwambia nitakuja na bakuli la Lorraine. Barua yako ya "sijui ni la nani" ni ya tarehe tatu.

Ulikwenda na Lorraine dukani kulinunua kabla ya harusi yetu, Doris ameniambia na hilo.

Nilikaa kwenye kiti cha Doris nikacheka mpaka mbwa akabweka. Kisha nikalia, mbele ya mtu, mchana, na hakuna kilichoanguka. Doris alinisogezea sahani ya biskuti, akasema bawaba ya tatu bado inalia.

Nimerudi kwa daktari. Vidonge naendelea navyo, amepunguza. Aliniuliza tena lile swali lake la milango. Nikamwambia kumi na mmoja, ila niwe nimeshika bakuli. Aliandika hilo pia.

Sasa wewe.

Mimi si msemaji, lakini msikilizaji ni mimi. Jana nilitoa barua zako zote na kuzipanga mezani. Oktoba ulikuwa na majina arobaini. Nikatafuta mmoja tu aliyeingia jikoni kwako akaketi. Sikumwona. Kuna kwaya, kuna karata, kuna foleni ya posta, lakini hakuna kikombe cha pili mezani. Sisi sote tulikutazama wewe kama mtu asiyeweza kupatwa na hili, kwa sababu unacheka kwa sauti. Mimi watu walinichosha hadharani, kwa hiyo kila mtu aliona. Wewe unawachangamsha, wanakwenda zao wamefurahi, halafu unafungua bomba bafuni ili Clayton asisikie. Niliusoma mstari huo mwezi Novemba nikaupita. Nisamehe. Nilikuwa sioni mbele ya pua yangu.

Kwa hiyo nenda kwa daktari. Orrin hawezi kukupitia saa nne, ni mbali, lakini nikimwomba atajaribu.

Na tafadhali pokea kifurushi kinachokuja. Nimekifunga kwa gazeti la mwezi mzima. Ndani kuna bakuli. Chini nimebandika selotepu na kuandika jina la ukoo wetu, TOLLEFSRUD, kwa herufi kubwa, na chini yake HALVOR LAKE, usije ukasingizia kwamba hujui ni la nani. Desturi unaijua vizuri kuliko mimi, wewe ndiye uliyenifundisha. Haliachwi ngazini, haliletwi alfajiri, na halirudi tupu.

Mdogo wako,
Arvid


Mesa
Mei 6, 1979

Arvid, mdogo wangu,

Hatujambo. Safari hii nasema hatujambo nikiwa nimeipima kwanza.

Kifurushi chako kilipelekwa nyumba ya jirani kwa makosa. Mama mmoja, Consuelo Ybarra, ambaye kwa miezi minane nilikuwa nikimpungia mkono na kumsifia maua yake, alikuja kunigongea akiwa amekikumbatia. "Ni kizito," akasema, "umeletewa nini?" Nikataka kumjibu mzaha. Nilikuwa nao tayari mdomoni. Badala yake nikalifungua gazeti, nikaona maua ya bluu na mshikio uliokatika, na nikalia kama sikulia msibani. Hakulaza kichwa upande. Aliingia jikoni, akatafuta sufuria mwenyewe, akachemsha maji. Sasa kuna kikombe cha pili mezani, na huwa anakiosha vibaya.

Mwezi wa Machi nilikaa siku tano na gauni la kulalia. Clayton alidhani nina mafua, nami nikamwachia adhani. Nimemwambia. Akasema alilisikia lile bomba muda wote, ila hakujua kama anaruhusiwa kugonga. Miaka arobaini ya ndoa, Arvid! Kumbe na humu ndani tulikuwa tunaachiana vyombo ngazini.

Daktari nimemwona. Na mimi ameniuliza ni watu wangapi. Nikaanza kumtajia arobaini, nikaishia kwa watatu, na wewe ndiye wa kwanza. Nilishuka ngazi za kwake nikiwa mwepesi.

Consuelo atamwangalia Clayton wiki tatu. Basi linafika Halvor Lake Juni tarehe pili, saa nane mchana, watu wote wakiwa macho. Nimekataa kuliweka bakuli kwenye sanduku, litavunjika. Njoo unipokee, na kama nimebadilika sana, usihangaike kutafuta sura. Mimi ni yule bibi aliyelipakata bakuli mapajani, limejaa machungwa.

Dada yako,
Marlys